Mkondo wa Atanasia

Siku ile mjinga alikuwa Otmar Mapunda. Tuliseme mapema, na jina tulitaje lote, ili baadaye asije mtu akahangaika kumtafuta mjinga mwingine. Ni kweli Dokta alikuwa na hila zake, mashine ilikuwa na upofu wake, na sheria ilikuwa na matundu ambamo tembo angepita akiwa amebeba kitanda. Lakini mjinga alikuwa mmoja. Alivaa koti la taasisi lenye nembo ya jicho kifuani, na alikuwa anacheka.

Alicheka kwa sababu alikuwa kwa mtani wake. Mngoni akifika Iringa hatafuti mwenyeji. Mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walichinjana mpaka wakachoka, wajukuu wakaona heri wavigeuze vita kuwa matusi. Tangu hapo Mngoni akimkuta Mhehe anamwita mtumwa wake, Mhehe anamjibu kwamba mtumwa ni yeye, anamvua kofia anaondoka nayo, anamlia ugali wake mezani, na hata msibani wanachekeshana mbele ya jeneza. Hakuna anayenuna. Kosa ni kununa.

“Kamwene, mtumwa wangu!” Otmar alipaza sauti mlangoni mwa karakana, pale Ipogolo. “Bado hujatoroka tu?”

Atanasia Kikoti alikuwa chini ya meza, miguu ndiyo iliyoonekana. “Nitoroke niende wapi, na anayejua kukimbia ni wewe? Babu yako alipomwona babu yangu alikimbia mpaka kivuli chake kikabaki nyuma kinauliza njia.”

Akatoka akijifuta grisi kwenye gauni. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, vidole vinene, macho ya mtu anayehesabu nati zako wakati unamsalimia. Wakulima wa Ilula walimletea kila kilichokataa kufanya kazi, na mara nyingi waliondoka na kitu kingine kabisa, kilichofanya kazi ambayo hawakuiomba ila walikuwa wanaihitaji. Wiki ile alikuwa ametengeneza tenga la nyanya lenye kuta mbili, mkaa katikati, na pampu ndogo ya maji iliyong'olewa kwenye mashine ya kufulia. Nyanya zilikaa humo siku kumi na nne bila kulainika. Hakuna aliyemfundisha.

Otmar akamvika ushanga kichwani. Ulikuwa kamba ya vipokezi vidogo, mithili ya shanga za kiunoni, ila unavaliwa kwenye paji la uso.

Kilichobaki kilikuwa ridhaa. Zamani taasisi kama ile zilichukua dole gumba kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezisoma, mpaka sheria ikabadilishwa: mtoaji, yaani mwenye fikra zinazonakiliwa, aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa maneno yake. Aliyewekwa kusikiliza alikuwa Karani, mashine yenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Karani alipima woga, kusitasita, na vitisho. Aliyetetemeka alikataliwa. Aliyecheka alipewa alama za juu, kwa sababu waliomtengeneza Karani wanatoka kwa watu wasiokuwa na watani.

“Haya Mhehe,” Otmar akasema, “kichwa chako nakichukua. Napeleka mjini nikawagawie mabosi. Umekubali?”

“Chukua, mtumwa wangu. Chukua na shingo yake, usije ukakiangusha njiani. Na hao mabosi waambie wakioshe kwanza, kina grisi!”

Wakacheka wote wawili mpaka Otmar akashika meza.

“Ridhaa imepokelewa,” Karani akasema kutoka mfukoni mwa Otmar. “Uhiari, asilimia tisini na nane.”

Katika miaka minne ya kazi Otmar hakuwahi kuvuka themanini na moja. Hapo mtu mwenye akili angekaa kwenye kigoda, akakunja uso, akasema: mtani, sasa tuache mzaha, kuna ukurasa wa arobaini na moja wa mwongozo wa taasisi nataka nikusomee. Otmar alipiga picha ile tisini na nane akawatumia wakufunzi wenzake.

Ujinga wenyewe ndio huo.

*

Taasisi ya Upeo ilikuwa juu ya mlima, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakuu wa makampuni kufikiri mambo mapya. Kabla ya ushanga iliwafundisha kwa makaratasi ya rangi yaliyobandikwa ukutani, kwa mashindano ya kujenga minara ya tambi, na kwa zoezi la kufumba macho ujione wewe ni mto. Mabosi walipenda sana. Walipiga picha, walikula vizuri, wakarudi ofisini, na Jumatatu asubuhi wakafanya yale yale ya Ijumaa.

Ushanga haukufundisha. Ulinakili. Mtu kama Atanasia akitazama kitu kibovu, wazo lake haliendi moja kwa moja. Linazunguka, linapita mahali pasipo na njia, halafu linatokea upande wa pili na kitu mkononi. Njia hiyo ndiyo wakufunzi waliyoiita mkondo. Ukiunasa mkondo mara moja unapata kivuli tu. Ukiunasa mara mia tatu unapata nakala mama, na kutoka kwa mama unatoa nakala nyingine, unazilaza kwenye vichwa vya mabosi kumi na wawili kwa siku sita, na siku ya saba bosi anatazama ghala lake la miaka ishirini kama ndiyo kwanza analiona. Nakala zile zinanyonya kwa mama kila siku. Mama akizimwa, nazo zinazima.

Na ubongo wa mtoaji? Ubongo ukisukumwa kupita njia ile ile mara mia tatu kwa majuma sita unaona kazi imekwisha, unafunga ofisi. Ukurasa wa arobaini na moja uliiita hali hiyo upoaji. Ulisema hutokea kwa baadhi ya watoaji. Haukusema baadhi ni wangapi.

*

Otmar alirudi Ipogolo wiki kumi baadaye, mwezi wa saba, ushanga ukiwa umeshamaliza majuma yake sita kichwani mwa Atanasia, baridi ya Iringa ikiuma masikio. Alikuja kumchukua Atanasia kwa heshima zote. Ilikuwa siku ya kufunga mafunzo, mabosi wangeonyesha walichobuni, na mtoaji hualikwa akae nyuma, apigiwe makofi, apewe chai.

“Kamwene, mtumwa! Vaa viatu, leo nakupeleka ukawaone wazungu weusi!”

Atanasia alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine ya kukamulia alizeti, mikono ameibana katikati ya magoti. Hakugeuka.

“Ahaa, leo Mhehe ameishiwa? Nimeshinda vita?”

Otmar akasogea hatua moja.

“Mababu zako wakikuona hivi watalia huko waliko.”

“Mapunda,” Atanasia akasema. “Funga mlango.”

Mapunda. Siyo mtumwa, siyo mtani, siyo hata Mngoni. Otmar alifunga mlango, na kabla hajakaa alishajua kuna kitu kimekufa humu ndani.

“Unaona hii?” Atanasia aligusa mashine kwa mguu. “Beringi imekufa. Beringi yake haipo dukani, haipo nchini, kiwanda chenyewe kilishafungwa. Mwenye mashine ana watoto watano na alizeti yote ipo chini ya turubai. Zamani ningekaa hapa hivi hivi, nikaiangalia, na ingeanza. Sijui nikuambie inaanzaje. Kama kitu kinanikuna nyuma ya sikio. Nageuka, naona ile habu ya gurudumu la baiskeli pale juu, na hapo hapo najua inaingia wapi.” Akageuka, akatazama rafu. “Sasa nageuka, naona habu ya baiskeli.”

“Labda umechoka.”

“Usinitukane.” Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Otmar. “Mwezi mzima naona habu ya baiskeli. Naona waya, ni waya. Naona ndoo, ni ndoo. Kila kitu humu ndani kimekuwa jina lake tu. Ukinipa kitabu kinachosema fungua hapa, badili hapa, naweza, mikono ipo. Lakini mimi sikuwa fundi wa kitabu. Nilienda hospitali, wakanipiga picha ya kichwa, wakasema mama uko salama kabisa. Nikawauliza, sasa nani ameingia humu akabeba vitu?”

Otmar alitazama viatu vyake.

“Nakuuliza wewe, Mapunda.”

“Kuna kitu kinaitwa upoaji,” akaanza, na akaeleza yote, ukurasa na namba yake. Alipofika kwenye mara mia tatu aliona vidole vya Atanasia vikikunjuka na kukunjika.

“Nilidhani ni kama kupigwa picha,” Atanasia akasema. “Nimepigwa picha mara ngapi, na sura yangu ipo. Ulijua?”

“Iliandikwa kwenye—”

“Sijakuuliza kama iliandikwa.”

“Nilijua.”

Alidhani atapigwa spana, na katika moyo wake aliona angeshukuru. Atanasia alisimama, akaenda kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono polepole mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kula.

“Nilicheka na wewe,” akasema akiwa amempa mgongo. “Ungekuwa mtu mwingine yeyote ningekuuliza maswali mia. Umekuja na utani kwa sababu ulijua utani haumuulizi mtu maswali.”

“Sikufikiria hivyo, wallahi.”

“Ndiyo, hukufikiria. Na kazi yako ni kufundisha watu kufikiri.” Akajifuta. “Inarudi?”

“Inaweza kurudishwa. Nakala mama ikipitishwa kinyumenyume kwako, mkondo unafunguka. Lakini iwe bado ipo hapa. Ikishatumwa makao makuu nje ya nchi, wanaigawa vipande; nakala zitaendelea kunyonya kutoka huko, lakini kwako hairudi tena.”

“Inatumwa lini?”

Otmar alitamani siku ile iwe nyingine. “Leo. Saa sita mchana.”

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Atanasia alishaanza kuvaa viatu.

*

Walipoingia ukumbini, aliyesimama mbele alikuwa Bwana Mwasomola, mwenye kiwanda cha sosi ya nyanya, jitu la Tukuyu lenye tai nyekundu na tabasamu la mtoto aliyepewa baiskeli. Nyuma yake, kwenye ukuta mzima, liling'aa tenga. Lilikuwa limepanuliwa likawa kontena zima, kuta mbili, mkaa katikati.

“Miaka kumi na minane,” Mwasomola alikuwa anasema, “nimetazama nyanya zikioza nikaona hasara. Wiki tatu zilizopita nilitazama nyanya iliyooza, na nikaanza kujiuliza inataka kuwa nini.”

Mabosi wakapiga makofi. Mwasomola akanyamaza kidogo kutafuta neno, na akiwa anatafuta akainua kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akajikuna nyuma ya sikio.

Otmar alihisi Atanasia amekauka pembeni yake.

“Sikio hilo ni langu,” Atanasia akasema.

Alisema kwa sauti ya karakana, ile inayoshindana na jenereta. Ukumbi mzima ukageuka. Mwasomola mwenyewe alishusha mkono wake, akautazama kama umetoka kwa jirani.

Dokta Kokushubila, mkurugenzi wa taasisi, hakuwa mtu wa kuacha zogo limkute mbele za watu. Alikuwa amesimama kando na kikombe cha kahawa. Alikiweka, akatabasamu kwa wote, akatangaza mapumziko, na kabla kikombe hakijapoa alishawaingiza watatu wale katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa: Otmar, Atanasia, na Mwasomola aliyewafuata bila kualikwa. Ndani kulikuwa na meza, viti vinne, na kabati la chuma lililovuma taratibu. Ndani ya kabati ndiko zilikohifadhiwa nakala mama. Juu yake saa nyekundu ilirudi nyuma: dakika arobaini na sita.

“Bi Atanasia, karibu sana, shikamoo,” Dokta akasema.

“Sina marahaba yako leo. Nipe kitu changu.”

“Tunaelewa hisia zako—”

“Hisia ninazo, nimekuja nazo mwenyewe. Nilichokosa ni kingine.”

Otmar alitoa Karani mfukoni, akamweka katikati ya meza. Alijua anachotaka kufanya na alijua bei yake: mkufunzi anayeapa kwamba ridhaa aliyoichukua haikuwa ridhaa anavuliwa koti siku hiyo hiyo, kisha anaitwa mahakamani aeleze na zile nyingine. Nyingine zilikuwa themanini na sita. Ngapi kati ya hizo alizichukua akiwa anacheka na mtu? Hakuthubutu kuhesabu.

“Karani, nafungua pingamizi,” akasema. “Mimi Otmar Mapunda, mkufunzi. Ridhaa ya Bi Atanasia Kikoti ilikuwa utani. Hakunipa kitu. Alinijibu kama mtani anavyojibu, na mimi nikaiacha ihesabiwe ridhaa.”

“Otmar,” Dokta alisema kwa upole, “kaa kwanza.”

“Nimekaa miaka minne.”

“Pingamizi limepokelewa,” Karani akasema. “Usafirishaji wa nakala utasimama endapo pingamizi litathibitika. Nitasikiliza hoja za pande mbili. Upande utakaokosa jibu kwa dakika moja utahesabiwa umekubali.”

Hapo uso wa Dokta ulibadilika. Si kwa hasira. Ulikuwa wa mtu anayekunja mikono ya shati.

“Vizuri. Tuanze na ukweli mdogo mdogo,” akasema. “Mkondo huu ukirudishwa, nakala zote kumi na mbili zinazima. Bwana Mwasomola, waambie.”

Mwasomola alilegeza tai. Alionekana angependa kuwa mahali pengine, lakini alisema, na alisema akimtazama Atanasia usoni, tumpe hiyo.

“Mama, mimi sikujua. Naapa sikujua. Niliambiwa watoaji wako sawa. Lakini nikuambie ukweli: nilikuwa nafunga kiwanda mwezi wa tisa. Watu mia tatu na kitu. Barua zao nilishaandika, zilikuwa kwenye droo. Nilipopewa huu... huu wa kwako, nilirudi nikazichana. Ukiuchukua leo, kesho naamka mimi ni yule wa kuandika barua.”

Otmar aliuona mtego, na kibaya zaidi aliona kwamba haukuwa uongo. Watu mia tatu upande mmoja, na upande wa pili mwanamke mmoja anayetazama ndoo akaona ndoo. Kama angeulizwa yeye aamue kwa hesabu, angekuwa ameshaamua vibaya.

“Unakaa wapi?” Atanasia akamuuliza Mwasomola.

“Mimi? Hapa hapa, Iringa.”

“Toka kwenye kiwanda chako mpaka karakana yangu ni dakika ngapi?”

“Kama... kumi na tano.”

“Kwa miaka kumi na minane nyanya zako zinaoza, na wakulima wako wananipita wanakuja kwangu na matenga yao. Ungekuja. Ningekupa kigoda, ningekupa spana, ungechafuka wiki tatu, ungenikera, ningekutukana, ungejifunza. Bure. Vijana wawili wa Mafinga walijifunza hivyo, sasa wana karakana zao na wananishinda.” Sauti ilikuwa imeanza kukatika kwa hasira. “Hukuja kwa sababu kigoda ni kifupi, na wewe ni mkurugenzi. Ukaona afadhali kichwa changu kikufuate kwenye kiti chako. Sasa watu wako mia tatu umenibebesha mimi!”

Mwasomola akafanya jambo ambalo Dokta hakulitarajia: akavuta kiti nyuma, akakaa mbali na meza kama mtu anayejitoa kwenye kesi.

“Basi kuna njia ya kati,” Dokta akasema haraka. Akagonga mlango wa kabati kwa kucha. “Hatuhitaji kumnyang'anya mtu. Bi Atanasia, tunao hapa mkondo wa msusi wa mikeka kutoka Songea. Mzuri kuliko wote tulionao. Tunakulaza huo, leo hii, bila masharti yoyote, na nakala mama yake hatutaituma popote. Jioni utarudi karakana na utaona vitu upya. Utashangaa.”

Mkondo ule aliuchukua Otmar mwenyewe. Alimkumbuka yule mama, Mngoni mwenzake, akicheka na meno yake mawili yaliyobaki.

“Na msusi?” Atanasia akauliza.

“Ana afya njema.”

“Sijakuuliza afya. Nimeuliza anasuka nini sasa hivi.”

Karani akaanza kuhesabu sekunde. Zilipofika ishirini Dokta akasema, “Anasuka mikeka,” na Otmar akaropoka kutoka upande wake, “Anasuka mkeka mmoja. Ule ule. Nilipita mwezi uliopita, nikadhani ni oda kubwa.”

“Mnataka nivae kichwa cha mwenzangu,” Atanasia akasema polepole, “ili nisione uchungu wa changu. Nyinyi watu mmelelewa wapi?”

“Zimebaki dakika kumi na tisa,” Karani akakumbusha.

Dokta Kokushubila alivua miwani, akaisafisha, akaivaa. Hakuwa mjinga, mjinga tulishamtaja. Alikuwa ametafuta mlango chumba kizima, na sasa aliuona.

“Karani, nina swali la mila,” akasema. “Shahidi ni Bwana Mapunda, na utapima ukweli wake. Mapunda, wewe unasema ulikuwa utani. Nakubali. Kabisa. Sasa nieleze. Kwa mila ya Wangoni na Wahehe, mtani akichukua kitu cha mtani wake, tuseme kofia, tuseme kuku, ni wizi?”

Uongo Karani angeunusa.

“Si wizi.”

“Aliyechukuliwa ana haki ya kudai?”

“Hana.”

“Akidai?”

“Anachekwa.”

“Na akinuna?”

“Anayenuna ndiye mwenye kosa,” Otmar akasema, na kila neno lilitoka kama jino.

“Ahsante.” Dokta akageukia meza. “Hoja yangu ndiyo hiyo, na ni yao wenyewe, sikuileta mimi. Kama ilikuwa ridhaa, kitu ni chetu. Kama ilikuwa utani, Mapunda alichukua cha mtani wake kwa haki ya mila, akakileta kazini, na Bi Atanasia hana ruhusa hata ya kukasirika. Kwa vyovyote vile, hakuna kosa lililotendeka.”

“Hoja imepokelewa,” Karani akasema. “Shahidi amesema kweli. Bi Atanasia Kikoti, una dakika moja.”

Otmar alifunika uso. Kitu pekee kizuri alichowahi kuwa nacho pale Iringa, ruhusa ya kuingia kwa mtu bila hodi na kutukanwa kwa upendo, kilikuwa kimegeuzwa kisu mbele ya macho yake, na mpini aliutengeneza yeye.

Atanasia hakuwa na haraka. Sekunde kumi zilipita akimtazama Otmar, kumi nyingine akilitazama kabati.

“Huyu mama Dokta anasema kweli,” akasema. “Huyu Mngoni ni mtumwa wangu na mimi ni mtumwa wake. Akichukua kuku wangu, sinuni. Amechukua kichwa changu, na nimemtukana tangu asubuhi, na nitamtukana mpaka siku nitakapozikwa, aje anitukane na yeye kaburini. Lakini kumdai, simdai. Ni mtani.”

Dokta akaanza kutabasamu.

“Ila kichwa changu hakipo kwa Mngoni. Kipo ndani ya kabati lako.” Atanasia alisogeza kiti, akamwelekea. “Dokta, kwenu wapi?”

“Bukoba. Lakini sioni inahusiana vipi na—”

“Watu wa Bukoba na sisi Wahehe tulipigana lini?”

Dokta alimtazama Mwasomola. Mwasomola alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama Otmar, na Otmar, kwa mara ya kwanza siku ile, akainua kichwa. Karani alikuwa ameanza kuhesabu, kwa sauti ile ile ya mtu aliyelala vizuri. Thelathini. Arobaini. Arobaini na tano.

“Hatujapigana,” Dokta akasema mwishowe.

“Basi wewe si mtani wangu,” Atanasia akasema. “Wewe ni mwizi. Fungua kabati.”